Mwajiri wa Kwanza wa Dereva wa Lori Dar es Salaam: Masafa Marefu, Usambazaji wa Mjini, Bandarini au kwa Mwenye Gari Moja

Anayemaliza mafunzo ya kuendesha magari makubwa, iwe katika vyuo vya ufundi vya VETA au katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na kupata leseni yenye daraja E, huwa ameruhusiwa kisheria kuendesha karibu kila gari isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Ruhusa hiyo ni pana kuliko ujuzi wake. Leseni ile ile inayomwezesha kupeleka kreti za soda kutoka Vingunguti hadi Tabata kwa Fuso inamwezesha pia, kwa mujibu wa karatasi, kuteremka mlima Kitonga na shehena ya shaba kwenye gari la ekseli saba lenye uzito wa jumla wa tani 56. Pengo lililopo kati ya safari hizo mbili halizibwi na chuo wala na mtihani wa polisi. Mwajiri wa kwanza ndiye anayeliziba, na asipoliziba, dereva hulibeba barabarani pamoja na mzigo.

Kwa mtu anayeanzia Dar es Salaam, waajiri wanaofikika ni wa aina nne: kampuni za masafa marefu zinazopeleka mizigo ya nchi jirani, viwanda na wasambazaji wa mjini, wenye magari ya kuhamisha konteina kati ya bandari na bandari kavu, na watu binafsi wenye lori moja au mawili. Wengi huwalinganisha kwa fedha pekee. Mimi naanza na swali jingine, ambalo naamini lina uzito zaidi kwa mwaka wa kwanza: ni nani atakayekaa kiti cha pembeni katika wiki za mwanzo, na je, mtu huyo analipwa kwa kukufundisha au anakuvumilia tu? Baada ya hapo ndipo nauliza hali ya gari, karatasi za ajira, na mwisho fedha.

Kampuni ya masafa marefu

Hii ndiyo kazi inayovuta macho ya vijana wengi, na si bila sababu. Barabara ya kwenda Zambia na Kongo, iliyojengwa kati ya mwaka 1968 na 1973, ndiyo mshipa wa mizigo inayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Kutoka mjini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na njiani dereva hupimwa uzito Vigwaza, Mikese, Mikumi na vituo vingine vya mizani, hukatiza hifadhi ya Mikumi, hupanda Kitonga, hupita Makambako na Uyole, kisha huvuka Nakonde na kuendelea hadi ukanda wa shaba wa Zambia, na mara nyingi hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Anayeimudu njia hii kwa miaka miwili bila ajali hahitaji kueleza sana anapoomba kazi mahali pengine.

Kampuni iliyojipanga humtuma dereva mgeni kwanza pamoja na dereva mzoefu, ina gereji yake, ina kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, na ina mtu wa kupigiwa simu saa nane usiku gari linapoharibika. Kifaa hicho kinawakera baadhi ya madereva, lakini kwa anayeanza ni rafiki wa kweli, kwa sababu kinaandika kwamba hakuvuka kilomita 80 kwa saa zilizowekwa kwa magari makubwa, na rekodi hiyo humtetea siku ambayo maneno ya mtu hayatoshi.

Ugumu wake unapaswa kuelezwa kwa uwazi. Katika njia ya Zambia na Kongo, Kitonga hupandwa wakati wa kwenda na kuteremkwa wakati wa kurudi. Maana yake ni kwamba mteremko mkali zaidi, unaodai gia za chini na breki ya injini badala ya kukanyaga breki za upepo hadi zichemke, humkuta dereva baada ya siku nyingi za foleni, usingizi wa vipande na hamu ya kufika nyumbani, na mara nyingi akiwa amebeba shaba. Hakuna mazoezi ya uwanjani yanayomwandaa mtu kwa hali hiyo. Anahitaji kuteremka pale mara kadhaa akiwa na mwenzake anayemwambia ni wapi pa kushusha gia kabla mlima haujaanza, kwani akishaanza kuteremka kwa gia kubwa, nafasi ya kurekebisha ni ndogo mno.

Jambo la pili ni mipaka. Zambia magari hupita kushoto kama kwetu, lakini ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo unahamia kulia, na hali ni hiyo hiyo kwa anayeingia Rwanda kupitia Rusumo. Tela refu katika kona ya kwanza ya upande usioujua linahitaji utulivu ambao dereva wa miezi miwili hana. Kuna pia nyaraka za forodha, lakiri za mzigo ambazo hazipaswi kuguswa, bima ya COMESA (ya gari linalovuka mipaka), pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Lugha haisumbui sana: Kiingereza kidogo kinatosha Zambia, na ukifika Lubumbashi Kiswahili kinakupokea tena, ingawa kwa lafudhi yao.

Kwa hiyo, kampuni ya masafa inafaa kuwa mwajiri wa kwanza kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba ina utaratibu wa kweli wa kumweka mgeni na mzoefu kwa safari kadhaa. Ile inayokupa funguo siku ya tatu kwa kuwa madereva wake watano wameacha kazi mwezi huo, iogope, hata kama magari yake ni mapya. Uliza wale watano waliacha kwa nini.

Kiwanda au msambazaji wa mjini

Dar es Salaam ina viwanda vingi kando ya Barabara ya Nyerere, Vingunguti, Chang'ombe na Mikocheni, na kiwanda kikubwa cha saruji kipo Wazo. Magari yao hupeleka vinywaji, unga, sabuni, nondo na saruji kwenye maghala na maduka. Mara nyingi ni Fuso au Kenta, na kwa saruji na nondo ni magari makubwa zaidi. Dereva hulala kwake karibu kila siku.

Vijana huidharau kazi hii kwa kuwa haina jina kijiweni. Nadhani wanakosea. Uendeshaji wa mjini unafundisha mambo matatu ambayo barabara kuu haiyafundishi kwa wingi huo: kurudi nyuma mahali pembamba, kusoma vioo, na kuishi na bodaboda na bajaji zinazojipenyeza kila upande. Dereva anayeweza kuingiza gari la tani kumi kwa kurudi nyuma kwenye uchochoro wa Manzese, huku utingo akimwelekeza na mama lishe akihamisha jiko lake, amejifunza adabu ya gari kubwa. Gari likiharibika, fundi yuko karibu. Kosa dogo hugharimu taa au bampa, na mara nyingi huishia hapo.

Upungufu wake upo. Hutajifunza mlima, hutajifunza mizani, na kama gari lako ni dogo, hutazoea breki za upepo wala kuunganisha kichwa na tela. Mshahara kwa kawaida ni mdogo kuliko wa masafa ukijumlisha posho, na kazi ya kushusha mzigo wakati mwingine humwangukia dereva pia, jambo la kuuliza mapema. Tatizo kubwa zaidi ni hesabu ya mzigo. Kreti zikipungua, mtu wa kwanza kutazamwa ni dereva. Msambazaji mzuri humhesabia dereva mzigo mbele yake kabla hajatoka getini na kumpa karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili. Mbaya humwambia asaini tu, atahesabu mteja. Ukiona utaratibu huo wa pili, jua kwamba makato ya mshahara hayako mbali.

Konteina za bandarini

Magari haya hutoa konteina bandarini na kuzipeleka bandari kavu za Kurasini, Mandela, Ubungo na kwingineko, na siku hizi hadi Kwala mkoani Pwani. Ni daraja zuri kati ya mji na masafa: unaendesha kichwa na tela halisi, unajifunza kufunga kufuli za konteina na kuzikagua, unajifunza nyaraka za kutoka getini, ila huendi mbali. Ubaya wake ni foleni na malipo kwa tripu. Siku ambayo mfumo wa bandari umesimama au meli imechelewa, dereva anayelipwa kwa tripu hukaa kwenye kiti chake saa nyingi bila kipato, na siku mambo yakifunguka hushawishika kufidia usiku kucha. Ukichagua upande huu, tafuta mwenye mshahara wa mwezi, na tripu ziwe nyongeza.

Mwenye lori moja au mawili

Hapa ndipo wengi huanzia, kwa sababu hapa hakuna tangazo linalodai uzoefu wa miaka kadhaa. Unaanza kama utingo, unakaa na dereva, unaamka kabla yake na kulala baada yake, na siku moja anaumwa, unapewa gari. Au unapiga deiwaka, yaani kazi ya kutwa ya kushikia gari la mwingine, kwenye tipa za mchanga na kokoto hadi mwenye gari akuzoee. Njia hii imezalisha madereva hodari sana nchini, watu wanaosikia injini ikibadilika sauti na kujua tatizo kabla taa ya onyo haijawaka, na siwezi kuibeza.

Lakini kati ya waajiri wote wanne, huyu ndiye anayetofautiana zaidi kutoka mtu hadi mtu. Kuna mwenye gari aliyeendesha mwenyewe kwa miaka mingi, anayejua bei ya kila spea na anayekataa gari kutoka likiwa na tairi lililoisha. Huyo anaweza kuwa mwalimu bora kuliko kampuni yenye magari mia. Na kuna aliyenunua lori kwa mkopo, hajawahi kushika usukani, anachotaka ni hesabu ya siku au ya tripu, na kila unapomwambia breki zimeshuka anajibu kwamba umalize kwanza safari hii. Kwa mtu huyo wa pili dereva mpya hujifunza tabia ambazo humchukua miaka kuziacha: kuzidisha mzigo na kupita kwa kuomba, kwenda na tairi kipara, kulipia njia badala ya kufuata taratibu.

Ajira hizi mara nyingi hazina mkataba wa maandishi wala michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Gari likikamatwa, dereva ndiye aliyepo pale na jina lake ndilo linaloandikwa. Ukiamua kwenda kwa mwenye gari wa aina hii, basi mfahamu kupitia watu wawili waliowahi kumwendeshea, na lione gari likiwa na mzigo, si likiwa limeoshwa.

Kuhusu tanki la mafuta, litajwe kwa kifupi kwa sababu baadhi huulizia kwa ajili ya malipo yake. Halifai kuwa kazi ya kwanza. Kimiminika huhama ndani ya tanki kila unapofunga breki au kukata kona, na kosa lake huwafikia watu wasiohusika. Ajali ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti 2019, iliua watu zaidi ya 100 baada ya tanki kupinduka na mafuta kuwaka. Liache hadi uwe na miaka ya kutosha kwenye mizigo mikavu.

Fedha, zikiwekwa pamoja

Maneno yanayochanganya watu ni mshahara, posho ya safari na mileji. Mshahara hulipwa umesafiri au hukusafiri. Posho ni ya chakula, malazi na gharama ndogo za njiani, na kile kinachobaki mfukoni ndicho dereva hukihesabu kama faida yake. Mileji hulipwa kwa umbali.

Chukua mfano wa kubuni. Msambazaji wa mjini anatoa mshahara wa shilingi 800,000 na posho ya shilingi 5,000 kwa siku 26 za kazi, jumla 930,000. Kampuni ya masafa inatoa mshahara wa shilingi 500,000, na kila safari humwachia dereva shilingi 400,000 baada ya kula na kulala. Kwa safari mbili kwa mwezi, ya pili inashinda kwa mbali, maana inafika 1,300,000. Gari likikwama mpakani na mwezi ukaisha kwa safari moja, inakuwa 900,000, pungufu ya ile ya mjini, na siku hizo za kukwama dereva anakula mfukoni mwake iwapo posho haikuhesabu kusubiri. Hivyo swali la kuuliza si "mnalipa posho kiasi gani?" bali "dereva wenu wa kawaida alikwenda safari ngapi katika miezi mitatu iliyopita, na siku za foleni mpakani zinalipwaje?"

Kuna upande usioonekana mfukoni. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, yaani ya mwajiri na ya mwajiriwa pamoja. Iwapo posho haihesabiwi ndani yake, kwa mshahara wa 800,000 inaingia 160,000 kila mwezi, na kwa 500,000 inaingia 100,000. Likizo nayo hulipwa kwa msingi wa mshahara. Kijana wa miaka 24 huona hayo ni mambo ya wazee, lakini udereva wa lori ni kazi inayochosha mgongo na macho mapema, na ni vyema akaweka hesabu hiyo kwenye mizani tangu mwanzo.

Karatasi za kuuliza kabla ya funguo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake, saa zake na ujira wake pamoja na namna unavyokokotolewa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na hata pamoja na saa za ziada siku ya kazi haipaswi kuzidi saa 12. Likizo ya mwaka ni siku 28. Katika usafirishaji, kikomo cha saa 12 ndicho kinachovunjwa zaidi, na dereva mgeni ndiye anayeona aibu kukitaja. Akitaje katika mahojiano, kwa adabu, na asikilize jibu.

Kipengele cha makato kinastahili kusomwa mara mbili. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa hasara au upotevu kwa sababu tu gari limerudi na mafuta pungufu. Lazima kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kampuni nzuri huweka kiwango cha mafuta kwa kila njia na kila aina ya gari, na hukirekebisha mzigo ukibadilika au barabara ikiwa mbovu. Ile inayokata kila mwezi kwa makadirio ya mtu wa ofisini ambaye hajafika Makambako, iache.

Uliza pia kama mwajiri amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake na hulipa mtu anapoumia kazini. Na uliza faini ya mizani hulipwa na nani. Mzigo hupangwa na ofisi, na dereva huambiwa tu akaendeshe. Anayemtwisha dereva faini hiyo amekwisha kukuonyesha atakavyogawa lawama zote zitakazofuata. Ufahamu vilevile kwamba katika miezi sita ya kwanza ulinzi wa kisheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haukuhusu, kwa hiyo kipindi hicho kinahitaji mwajiri mwenye sifa njema zaidi ya mwajiri mwenye ahadi nyingi.

Sifa hizo haziandikwi kwenye tangazo. Nenda karibu na yadi asubuhi, kando ya Mandela au Kurasini, utazame matairi ya magari yanayotoka, uone kama kuna fundi anayezunguka gari kabla halijaondoka, kisha ukae na madereva wanapokunywa chai. Waulize mwezi uliopita mshahara uliingia tarehe ngapi. Watakuambia.

Nani aende wapi

Aliyetoka chuoni moja kwa moja, bila kuwahi kuwa utingo, namshauri aanze kwa msambazaji wa mjini au kwenye konteina zenye mshahara wa mwezi, akae mwaka mmoja hadi miwili, kisha ahamie masafa. Aliyekuwa utingo wa njia ya Tunduma kwa miaka kadhaa ana haki ya kuingia moja kwa moja kampuni ya masafa, kwa kuwa mlima anaujua kwa macho hata kama hajaujua kwa mguu, lakini asikubali kupunguziwa safari za kuambatana na mzoefu. Mwenye watoto wadogo apime kwa uzito ule ule fedha na usiku atakaokuwa mbali. Ndoa nyingi za madereva zimeumia kwa jambo ambalo lingezungumzwa kabla ya kusaini. Dereva mwanamke, na idadi yao inaongezeka, aulize zaidi kuhusu sehemu za kulala njiani na kama kampuni ina maegesho yenye ulinzi, kwa sababu jibu la kwamba "utalala kwenye gari kama wenzako" halitoshi.

Na kwa asiyepata chochote isipokuwa mwenye gari moja, aende, ila aweke kumbukumbu zake mwenyewe: daftari la tarehe, njia, mzigo, hitilafu alizoripoti na majibu aliyopewa, na nakala za kila karatasi ya mzigo aliyosaini. Wakati wa kuhama ukifika, sheria inamtaka mwajiri, awe na gari moja au mia, ampe mfanyakazi cheti cha utumishi. Kiombwe siku ile ile ya kukabidhi funguo, kikionyesha aina ya gari na muda wa kazi, kwa sababu ndicho ofisi ya kampuni inayofuata itakachokitazama baada ya leseni. Ukidhulumiwa katika kuondoka, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30 na madai mengine ndani ya siku 60.